Maji ya Msimbati Yalipobadilika Rangi

Shangani, Mtwara
18 Machi, 1973

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti lako lisiwe linakusumbua sana na mvua hizi. Mimi sijambo, naendelea kufundisha. Nilifurahi mno kusikia umemaliza darasa la watu wazima na sasa unasoma mwenyewe. Ndiyo maana nakuandikia kwa mapana, maana haya nisingependa usomewe na jirani. Mikindani si mbali, ningeweza kuja, lakini mdomoni yangenishinda, nawe ungenikatiza.

Mwezi uliopita ndugu yangu Thabiti alifika hapa kwangu asubuhi, baiskeli imejaa matope, akitoka huko Msimbati anakopima korosho. Hata chai hakutaka. Alisema bahari imebadilika rangi, samaki wanakufa, watu wanaugua, na kuna mwanamke wanataka kumfukuza kijijini. Akaniomba niende na hadubini ya shule, ile mashine ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Mengine alinieleza njiani, nitayafikia.

Mkuu wa shule alikubali shingo upande. Tukapata lori la chama cha ushirika, nami nikaipakata ile hadubini kama mtoto mchanga, nimeizungushia kanga.

Mama, sijapata kuona maji kama yale. Yalikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na ufukwe mzima unanuka. Waliokula kome walikuwa wameshikwa na ganzi midomoni na vidoleni, wengine miguu imewakataa. Mtoto wa mama mmoja aitwaye Mwanaisha alishindwa kupumua, akafariki. Kome wale Mwanaisha alikuwa amewanunua kwa Esta, Mmakonde aliyevuka Ruvuma akikimbia vita vya Wareno, ambaye huokota kome maji yakitoka na kuwauza. Ikasemwa Esta ametia dawa baharini. Hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba yeye naye aliwapika kome wale wale, na kwamba binti yake mdogo alikuwa amelala mkekani hawezi kushika kikombe.

Niliiweka hadubini barazani kwa mwenyekiti, Mzee Jumanne, nikaigeuza ipate mwanga wa jua, nikadondosha tone moja la maji yale. Lilikuwa limejaa viumbe, Mama. Kila kimoja kina gamba lake na nyuzi mbili nyembamba, kinazunguka kama pia. Niliwaambia watu kwamba viumbe hawa ndio waliobadilisha maji rangi. Huwamo baharini siku zote, ila safari hii wamezaana kupita kiasi. Kome huwala, na sumu yao hubaki ndani ya kome hata ukiwachemsha vipi.

Watu walipanga foleni kuchungulia. Mzee mmoja, Athumani, alisema kitu kinachoonekana ndani ya kioo huenda kimetiwa na mwenye kioo, akaenda zake. Mzee Jumanne yeye aliuliza ni mimea au ni wadudu. Nilimjibu ukweli, kwamba hata wataalamu hawajaafikiana. Viumbe hawa wengi hujilisha kwa jua kama majani, lakini huogelea kama wanyama, basi wataalamu wa mimea wanawadai na wa wanyama wanawadai. Siku hizi wapo wanaosema watengewe himaya yao wenyewe, waitwe protista, pamoja na kile kinacholeta malaria, na amiba anayetukata matumbo ya kuhara damu, na wengine wenye magamba kama vioo vilivyochongwa, wazuri ajabu, wasiomdhuru mtu. Wapo wataalamu wanaoutia humo hata mwani. Hawafanani hata kidogo. Mzee Jumanne alicheka, akasema hiyo himaya ni kama kijiji chake tangu vita vianze.

Mwanaisha alikuja mwisho. Alichungulia muda mrefu, mkono mmoja umeshika ukuta. Kisha akaniuliza kama vitu vile vina kinyongo na watu. Nikamwambia havitujui. Alikaa chini. “Bora angekuwa mtu,” alisema. “Mtu ningemchukia.” Nikakaa naye. Jua lilipopungua ukali aliinuka, akaenda nyumbani kwa Esta, na wote tukamwona anaingia bila kupiga hodi. Hatukusikia ugomvi. Tulisikia kilio, cha wanawake wawili.

Mzee Jumanne akapiga marufuku kome mpaka maji yasafike. Lakini kina Athumani hawakuridhika, kwa hiyo nilimchukua Esta na mtoto, wako hapa kwangu. Mtoto amepona, anashika kikombe na anakivunja.

Sasa Mama, kaa kitako. Nimekueleza habari za Esta kwanza kama mtu tu, kwa sababu ningeanza na hili usingesoma mbele. Esta ni mke wa mwanao. Thabiti amemwoa kwa shehe, Mzee Jumanne akiwa shahidi, na Msimbati nzima inajua. Ndiyo maana neno la Thabiti kijijini halikusikilizwa. Walisema mume atasemaje tena. Alikuficha kwa sababu uliwahi kutamka kwamba hutapokea mkwe usiyeijua asili yake, tena asiye wa dini yetu. Mtoto ni mjukuu wako. Wamempa jina lako, Hadija.

Thabiti anataka kuja Ijumaa baada ya swala, lakini anaogopa, nikamwambia nitatangulia mimi kwa barua. Ukiwa na hasira naye, una haki, na umwambie mwenyewe usoni. Ila Esta alikaribia kumzika mwanawe huku watu wakimwita mchawi, na mama yake mzazi yuko ng'ambo ya mto, wala Esta hajui kama yu hai. Mimi nitakuja Ijumaa hiyo, waje wasije, na Hadija nitakuwa nimembeba.

Kwa sasa usile kome wala chaza, wa popote, mpaka nikuletee habari. Nisalimie Bi Zuhura na wote wa nyumbani. Esta anakuamkia, anasema hajui akuite nani.

Wako mtiifu,
Saumu binti Iddi