Diski ya Dzigbordi

Ijumaa, 5 Oktoba 2018

Leo nimeifungua kompyuta ya marehemu mke wangu, Dzigbordi. Mwaka mzima kasoro mwezi imekaa chini ya kitambaa chake cheupe, kama kuku aliyeatamia. Yenyewe ilikufa Aprili. Radi iliipiga bodi, ikatoa moshi, basi. Lakini fundi wa karibu na soko aliwahi kuniambia diski iliyomo ndani inaweza kuwa hai. "Hamishia kwenye yako, mzee. Ni skrubu nne tu."

Skrubu nne! Nimehesabu kumi na moja.

Haraka yangu ni hii. Kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki ni Jumamosi, 10 Novemba. Agbeko, mfumaji wa Kpetoe aliyefuma michoro yake yote, kapiga simu asubuhi. Lazima atandaze nyuzi Jumatatu ya tarehe 15, la sivyo nguo ya siku hiyo haitawahi. Akauliza, ule mchoro wa mwisho wa Daavi (ndivyo anavyomwita Dzigbordi, yaani dada), nitaupata au niusahau? Nikamjibu utaupata. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua mambo.

Mchoro wenyewe uko ndani ya kisanduku hiki cha chuma, kizito kama mche wa sabuni. Na mimi nilikuwa karani wa ghala la shule. Najua kuhesabu madaftari.

Alikuwa akichora kente, nguo zetu za kufumwa, kwa miraba midogo kwenye skrini, mraba mmoja uzi mmoja. Kila mchoro aliupa jina. Ule uliouzwa sana aliuita Chai Imepoa, kwa sababu alinipikia chai mara tatu siku hiyo na mara zote tatu nilikuwa kwa jirani yangu Dotse nacheza drafti. Nusu ya mji wetu wa Ho wamevaa makosa yangu arusini.

Huu wa mwisho alinikataza kuutazama. "Utauona ukishafumwa." Nikatii. Nilipenda kumtii katika mambo madogo.


Jumamosi, 6 Oktoba

Dotse kaja na bisibisi zake za zamani, zile za kutengenezea redio. Jirani yangu huyu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Tumeifunga diski ndani ya kompyuta yangu, chini ya diski yangu mwenyewe. Waya mbili: mwembamba wa habari, mpana wa umeme.

Tukawasha. Kimya.

"Wa umeme umeuchomeka mpaka mwisho?" kauliza.

"Nimeuchomeka."

"Umeuchomeka au umeuegesha?"

Nilikuwa nimeuegesha.

Tukawasha tena. Diski ikaanza kuvuma kidogo, kama mtu anayeimba akiosha vyombo. Kisha skrini ikaandika — siyo jina langu — *Karibu, Dzigbordi.* Na nyuma yake picha yake ya ukutani, ile ya mlima Adaklu wakati wa mvua. Nikasimama. Dotse naye akaiweka bisibisi chini.

Halafu skrini ikageuka bluu yote, maandishi meupe, ikazima.

Dotse anasema sasa mashine ina vichwa viwili na haijui ifikirie kwa kipi. Imeanza kwa kichwa cha Dzigbordi, ikakuta mwili si wake, ikaogopa. Maelezo mazuri kwa mtu wa redio. Tumeichomoa, tumeilaza mezani juu ya kitambaa cheupe, mpaka Jumatatu nimpigie fundi.

Lakini ni hai! Imenikaribisha. Yaani, imemkaribisha yeye.


Jumapili, 7 Oktoba

Shemeji Akorfa kapitia hapa akitoka kanisani, na abolo, ile mikate ya mahindi ya mvuke, na samaki na chupa yake ya mafuta ya upako. Dada mdogo wa Dzigbordi, sauti ni ileile, ila yeye haishushi. Kakiona kisanduku mezani.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Na umekiacha hivihivi? Vitu vya dada yangu, bila hata sala? Shemeji, wewe ni mpagani mwenye adabu."

Akakiombea. Sala ndefu. Akauliza mlango wake uko wapi, nikamwonyesha pale waya zinapoingia. Kisha nikaenda jikoni kupasha samaki moto, maana Akorfa akianza kuwaombea na wafumaji hamalizi upesi.

Katika kula kaniambia kwa upole, kwa jinsi anavyoweza, kwamba ameshaona doti za nguo nyeupe na nyeusi sokoni. Nzuri. Zinatosha ukoo wote. "Mchoro usipopatikana, shemeji, hatutakaa uchi."

Anasema kweli. Lakini kumbukumbu ya Dzigbordi ivaliwe kitambaa cha kiwandani! Mwanamke aliyekuwa akigeuza nguo za watu ndani-nje kanisani ili aone mishono.


Jumatatu, 8 Oktoba

Fundi kanielekeza kwa simu. Unawasha, unabonyeza kitufe mara nyingi kama unagonga mlango wa mtu aliyelala, unaingia kwenye mipangilio ya ndani, unaiambia mashine diski yangu ndiyo kichwa. Nikafanya. Nimeichomeka tena diski ya Dzigbordi, mpaka mwisho safari hii, nikawasha. Ikawaka vizuri, jina langu, picha yangu ya kuku.

Ila diski ya Dzigbordi haimo. Haipo popote kwenye orodha. Kule kwenye mipangilio pia, nafasi ya pili imeandikwa: hakuna.

Jumamosi ilikuwepo. Leo hakuna.


Jumanne, 9 Oktoba

Nimebadilisha waya. Hakuna. Nimebadilisha tundu. Hakuna. Nimechomeka diski yangu kwenye waya wa Dzigbordi, ikaonekana. Kwa hiyo waya ni mzima, tundu ni zima. Kilichobaki ni diski.

Dotse kaiweka sikioni. "Inazunguka. Moyo unapiga. Ni mdomo tu umefungwa." Kisha akanifunga michezo minne ya drafti. Hakuona haya.


Jumatano, 10 Oktoba

Agbeko kapiga simu. Sikupokea.

Akorfa kapiga. Nguo za sokoni zinakwisha, niseme ndiyo au hapana. Nikamwambia mpaka Jumatatu. Akavuta pumzi. "Haya. Mpaka Jumatatu."

Najiuliza kama niliiangusha bila kujua. Au nilipoichomoa Jumamosi niliikata mshipa. Nimekaa nayo mapajani jioni yote, kabla ya kuirudisha ndani ya kasha. Ilipokuwa ndani ya mashine yake ilikuwa ikipata joto, naye alikuwa akiweka miguu pale chini akichora, miguu peku, Agosti, wakati wa baridi. Alisema ndiyo jiko lake.


Alhamisi, 11 Oktoba

SISIMIZI!

Asubuhi nimefungua kasha nipanguse vumbi, basi tu, nisikae bure. Nikakuta mstari wa sisimizi. Wanatoka dirishani, wanapita juu ya meza, wanaingia kwenye kompyuta, wanapanda diski ya Dzigbordi — siyo yangu, ya Dzigbordi — wanakusanyika pale pale waya unapochomekwa. Kama waumini.

Nikachomoa. Nikanusa. Nikaijua ile harufu. Kila Jumapili inapita mbele ya pua yangu.

Nikampigia Akorfa.

"Shemeji, Jumapili ulipaka mafuta?"

"Kidogo tu."

"Wapi?"

"Mlangoni! Si nilikuuliza? Ukanionyesha mwenyewe. Nyumba inapakwa miimo ya mlango, shemeji, haipakwi bati."

"Umepaka kwenye meno ya shaba, pale waya unapogusa?"

"Yote. Juu na chini. Na ya umeme pia, ili jambo baya lisiingie."

Basi halikuingia jambo lolote, baya wala jema! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akadhani nalia, akaanza kuniombea kwa simu. Nikazidi kucheka. Sijacheka hivyo tangu Novemba iliyopita. Dzigbordi angetengeneza nguo nzima kwa hili.

Kosa ni langu nusu. Aliuliza mlango, nikampa mlango.


Ijumaa, 12 Oktoba

Spiriti na pamba. Nimefuta polepole, kama unavyomfuta mtoto mdomo. Pamba ilitoka nyeusi. Tumeacha ikauke, Dotse akipuliza ingawa nilimkataza.

Kuwasha — imeonekana! Ipo kwenye orodha! Lakini haina jina, na nilipoigusa ikatokea barua ndogo: diski hii lazima iandaliwe upya kabla ya kutumika. Unataka kuiandaa? Ndiyo. Hapana.

Nikaona ni adabu. Mashine inaomba ruhusa. Kidole kikaenda kwenye Ndiyo.

"TOA MKONO!"

Dotse kapiga kelele mpaka mbuzi wa nyuma wakakimbia. Kanishika mkono wenyewe, na yule si mtu wa kushikana mikono.

"Kuandaa upya ni kufuta, wewe karani! Ni kufagia nyumba pamoja na watu waliomo!"

Nikakaa. Kidole kimoja, na usingebaki hata uzi.

Tukabonyeza Hapana. Tukazima. Nikamtengenezea Dotse gari, ule unga wetu wa muhogo uliokaangwa, na maziwa, akala mabakuli mawili, akasema anaokoa watu hivi kila wiki ila hajitangazi.


Jumamosi, 13 Oktoba

Dotse kasema usiku kucha alifikiria redio. Redio ikikoroma, si kwamba imesahau wimbo, ni kwamba inagusa vibaya. Diski inasomwa nusu nusu, ndiyo maana mashine inaiona kama tupu. Tuyasugue yale meno kwa raba ya penseli.

Raba! Hicho ninacho. Miaka thelathini na moja ghalani, nina raba za kutosha wilaya.

Nimesugua jino moja baada ya jingine. Yakang'aa kama dhahabu. Kisha nimesugua na mdomo wa waya kwa pamba iliyosokotwa kwenye njiti, maana mafuta yalikuwa yamehamia huko. Spiriti tena. Nikasubiri saa nzima kwa saa ya ukutani.

Ikafunguka.

Yote yamo. Picha, barua, orodha za nyuzi, bei, mapishi, folda yenye jina "Mambo ya Senyo ya kumkumbusha". (Nimeifungua hiyo. Mstari wa kwanza: *soksi.*) Dotse akaninyang'anya kipanya, akanakili kila kitu mara mbili kabla hatujapumua.

Na katika folda ya michoro, faili la mwisho: *Chai ya Pili.*

Dotse: "Fungua!"

Sikufungua. Alisema nitauona ukishafumwa. Atafungua Agbeko Jumatatu, mimi nikigeukia dirisha.

"Mnaendelea kugombana hata sasa," kasema Dotse.

Nikasema hatugombani. Natii.

Nimempigia Agbeko. Njoo.


Jumapili, 14 Oktoba

Akorfa kaja na chupa. Nimeifungia kabatini mpaka aondoke. Kacheka mwenyewe. Halafu, akiwa mlangoni, kasema, "Lakini imefunguka, shemeji. Si niliiombea?"

Nikamrudishia chupa yake.


Jumatatu, 15 Oktoba

Wako sebuleni wote watatu. Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya kibao cha kukatia bamia.

Agbeko kafika saa tatu na vumbi la Kpetoe viatuni, na rula yake ya mbao mfukoni. Nikamkalisha mbele ya skrini, nikaenda dirishani kama nilivyoahidi. Nikamsikia akibonyeza. Nikamsikia Akorfa akisema "Ee!" Kisha rula ya mbao ikawekwa mezani.

Agbeko kasema, "Efo Senyo, kaka yangu, samahani. Hili utalazimika kulitazama."

Nikageuka. Unisamehe, Dzigbordi.

Ni kahawia ya chai ya maziwa, na njano, na uzi mwembamba wa bluu unaopita kama mvuke. Na siyo nguo moja. Ni mbili, zimechorwa ubavu kwa ubavu. Moja ya kiume, na kipimo changu, na neno "ameongezeka, acha nafasi". Ya pili ya kike. Kipimo chake. Ule mvuke wa bluu unaanzia kwenye moja na kumalizikia kwenye nyingine. Agbeko anasema ukifuma moja peke yake, uzi unakatika ukingoni. Siyo kosa, itavalika. Ila utaonekana umekatika.

Nguo za pea. Ili tuvae pamoja. Hakuniambia.

"Sasa," kauliza, kwa upole kabisa, "nitandaze nyuzi za nguo moja au mbili?"

Akorfa akasema haraka, mimi sivai ya dada, usinitazame. Dotse akasema mbili, moja ikichafuka. Akorfa akampiga kwa mkoba. Wakaanza kubishana nani ana haki ya kusema, na mimi nikasema ngojeni nilete chai.

Chai nimeshaimimina. Kitambo. Agbeko lazima aondoke kabla ya saa sita, ndipo nyuzi ziingie kwenye kitanda cha mfumi leo. Sasa anagonga meza kwa rula, tap, tap, bila ukali.

"Efo? Moja au mbili?"

Dotse: "Mwache, anaipoza chai. Kazi yake ya miaka yote."

Akorfa kacheka. Nami nimecheka, huku jikoni, peke yangu, na sinia liko mikononi karibu — hapana, kalamu iko mikononi, sinia bado. Nakuja, nimewaambia. Nakuja nayo ikiwa moto safari hii. Na ninalijua la kusema, nadhani, nikifika pale mlangoni nitasema: mbili, uzi usikatike.