Upepo wa Matairi ya Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu karudi kutoka kliniki uso umemkauka. Mzee huyu tangu avunjike nyonga akapasuliwa, hasemi. Ukimuuliza unaumwa, anakwambia mvua itanyesha. Lakini mimi nilikaa mbele, nikageuka, nikamwona kule kiti cha nyuma. Kila tuta anauma mdomo. Kila shimo anafumba macho. Mjukuu wetu wa kike anaendesha vizuri, simsingizii. Tatizo ni hicho kigari chake. Kigumu! Kinaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

Mtu wa mazoezi ya nyonga kaniita pembeni. Eti asikose hata siku moja, Jumatatu na Alhamisi, la sivyo nyonga itashika palepale na hatasimama tena. Karudia mara mbili. Nikamwambia mimi si kiziwi.

Jioni Mzee katoa kauli. Alhamisi haendi, safari inamuua kuliko ugonjwa.

Atakwenda!

Jumatano, 5 Machi

Dawa nimeipata. Ni upepo! Matairi yamejazwa mpaka ukiyapiga teke yanalia. Nimemwamrisha mjukuu anipeleke kwa fundi matairi pale kona. Nikamwambia fundi: toa.

Mjukuu akaanza, Bibi, hapa mlangoni mwa gari imeandikwa upepo, mbele thelathini na tatu. Nikamuuliza, mlango ndio ulioolewa na Mzee au mimi? Nimeishi na dereva wa lori, Mzee huyuhuyu. Nimepanda lori kabla mama yako hajaota jino. Tairi gumu linarusha, tairi laini linabeba. Hata mto wa kulalia haujazwi ukawa gogo.

Fundi kaniangalia mimi, kamwangalia yeye, kainama. Nikamsimamia. Nyuma ishirini na mbili. Mbele nikataka ishirini tu, maana kwenye lori kazi yote ilikuwa nyuma, ya mbele yanaonyesha njia basi. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Laini, safi. Najisifu? Ndiyo, najisifu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo herufi zinapanda mlima. Mvua. Ile kona ya shule kabla ya kliniki, mjukuu kakata usukani — gari halikukata! Limekwenda mbele moja kwa moja kama lina safari zake. Likapanda ukingo, likasimama gurudumu moja linaning'inia juu ya mtaro.

Hatukuumia. Lakini ule ukelele wa Mzee. Miaka yote ya lori sijausikia.

Wapita njia wakatusukuma. Kliniki tumeikosa, tukarudi nyumbani mwendo wa jongoo. Mjukuu kalia, paji la uso juu ya usukani. Anasema hafai, tumtafute mtu mwingine, yeye atamuua babu yake. Mzee kamwambia, "Mke wangu mdogo, nyamaza, hukukosea." Kisha kageuzia uso dirishani. "Lakini mimi siendi tena. Nyonga na ishike."

Nami nikashuka nikayabonyeza tena matairi ya mbele. Laini mno.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi kwa fundi, kwa miguu. Nimemkuta anapaka tairi povu la sabuni kutafuta tundu. Nikamuuliza, ni upepo? Akaanza kuzunguka, eti Bibi, mvua nayo, barabara nayo. Nikamwambia mvua haina usukani. Ni upepo?

"Ni upepo, Bibi."

Akanieleza. Hili si lori. Lori linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Hili linavutwa na ya mbele, na injini nayo imekaa hukohuko. Ya mbele yavute, yabebe injini, yakate kona, na ukikanyaga breki uzito wote unayaangukia. Ya nyuma yanafuata tu. Ukiyalainisha ya mbele, kwenye kona yanalala ubavu. Unageuza usukani, yenyewe bado yanajikunja.

— Na wewe ulijua?

— Nilijua.

— Na mjukuu wangu?

— Si alikusomea mlangoni?

Mkajua wote mkanyamaza kama vifaranga walioona mwewe! Kacheka, na meno ya mbele hana. "Bibi, ulivyosimama pale mkono kiunoni, nani angefungua mdomo?" Nikamwambia aufunge basi, unavuja upepo kuliko hayo matairi.

Nimerudi polepole. Mkono kiunoni. Hivi ndivyo ninavyosimama?

Jumamosi, 8 Machi

Mjukuu hajatoka chumbani. Nimeingia bila kubisha. Nikamwambia, si uendeshaji wako. Ni upepo, na aliyeutoa ni mimi. Maneno matamu sikuongeza, sinayo.

Akasema alijua. Lakini yeye ndiye dereva, angekataa.

— Basi siku nyingine kataa, mke mwenzangu.

— Nikikataa utanielewa?

— Nitakugombeza. Halafu kataa tena.

Kacheka kidogo, puani. Si haba.

Jumapili, 9 Machi

Kwa fundi, mimi na mjukuu. Kelele! Kumbe pale mlangoni kuna mistari miwili, mmoja wa gari lenye watu wachache, mwingine wa gari lililojaa. Mjukuu anataka wa kwanza. Fundi anasema mko watatu, buti lina kiti cha magurudumu, nyuma ongezeni. Nami kwa ndani bado nataka laini, nisijidanganye. Tumekaa katikati ya mistari: mbele thelathini na nne, nyuma thelathini na tatu. Sikugusa kitu. Mikono nimeifunga ndani ya khanga.

Halafu fundi akauliza, mgonjwa hukaa wapi? Nyuma, nikasema. Akakuna kichwa. Kule anakalia magurudumu, Bibi, kila shimo linampiga yeye kwanza. Kiti cha mbele ukikirudisha nyuma kabisa kina nafuu.

Kiti cha mbele ni changu. Nakaa pale nione njia, niwaambie wanapokosea.

Nyumbani nikamweleza Mzee habari za upepo. Kalala, macho darini. Nikadhani hasikii. Halafu: "Mbele ngapi?" Thelathini na nne. Kisha kasema kesho atakuja, lakini anakuja kuusikiliza usukani tu. Mazoezi asiambiwe.

Usukani! Na mimi nikajifanya nimeamini.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika garini, uwanja wa kliniki. Tumefika. Ile kona gari limekata kama kisu. Mjukuu alikuwa anahema kama aliyekimbia, Mzee kamwambia usikanyage breki ukiwa ndani ya kona, punguza kabla.

Mimi nilikaa nyuma. Loo! Nyonga zangu nzima zote mbili na bado niliuma mdomo. Na yeye kakaa hapa wiki zote hizi na mshono, na mimi kule mbele naelekeza njia.

Mzee kaingizwa chumba cha mazoezi. Alisema hataki, lakini kaingia.

Nimechukua kipimo cha upepo nilichoazima kwa fundi, nikapima tairi la mbele. Thelathini na saba! Si tuliweka thelathini na nne? Nikashika kizibo nitoe upepo. Mjukuu kanishika mkono. "Bibi, hapana. Limetoka barabarani, lina joto, litashuka lenyewe." Nikamfokea. Akasema hapana tena, na sauti inamtetemeka. Nimeacha.

Sauti. Ni Mzee, kutoka ndani. Anafoka: polepole, mimi si gunia! Mjukuu anataka kukimbilia ndani, nimemwambia tulia, mwache na mtu wa mazoezi. Anafoka tena. Sijui ni maumivu, sijui ni ule ukali wake wa zamani umerudi. Tangu avunjike hajamfokea mtu. Tulia, namwambia mtoto. Tulia. Na mguu wangu mmoja ushatoka nje ya gari —