Pakiti ya Kijani ya Mashine Nambari Tano

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Upepo wa mji wetu wa Hsinchu umeanza. Umeniangushia skuta mara mbili kwenye maegesho ya kiwandani, na ndiyo kwanza Jumanne!

Saa nne Mkurugenzi Chuang katukusanya kantini. Kampuni inapunguza watu, mmoja katika kila watatu. Yeye kasema kampuni "inapunguza mwili". Mtu mwenyewe kitambi kimeushinda mkanda! Nikamwangalia A-Hui, akaniangalia, tukabana kicheko. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Chumba chetu cha majaribio tuko wawili tu mchana, mimi na yeye. Atabaki mmoja. Orodha inatoka tarehe 27.

Nina miaka hamsini na mmoja. Ishirini na minne nimeimaliza humu, nikizichemsha na kuzigandisha prosesa za kampuni, zile bongo za kompyuta, nione zipi zitakufa. A-Hui ana thelathini na minane, na mapacha wanaoota meno. Anasoma grafu kunizidi. Mimi najua mashine ikinung'unika inataka nini. Mwamuzi sijui atatazama lipi.

Tumaini ni moja, kasema Chuang. Prosesa mpya ikikaa siku kumi kwenye Mashine Nambari Tano bila kusimama, mteja wetu mkubwa wa laptopi atabaki. Ikisimama, anahamia kwa wale wengine, washindani wetu, kama wateja wenzake wote.

Jioni nimekula tambi za mchele bakuli mbili. Wasiwasi haujawahi kuninyima chakula, namshukuru mama kwa tumbo hili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumeanza. Saa tatu kamili, Nambari Tano kanguruma vizuri. (Nambari Nne hatuna. Kwa lugha yetu nne husikika kama kifo; nani atathubutu kuiita mashine hivyo?)

Nimeweka pakiti mpya juu yake. Kazi hiyo ni yangu mwaka wa kumi na tisa sasa: pakiti ya kijani ya vile vitafunio vya mahindi vya nazi, ambavyo jina lake ni kama kumbembeleza mtoto — tulia, uwe mwema — ili mashine nayo isikie na itulie. Kijani tu. Ya njano haiingii mlangoni, maana taa ya njano ni ya hitilafu, na nyekundu hata usiitaje. Isifunguliwe. Isilazwe kifudifudi. Chuang ana udaktari wa fizikia kutoka Marekani na kila asubuhi anaisalimia kabla ya kunisalimia mimi.

Nimeandika juu yake kwa kalamu nene: "Nambari Tano mpenzi, siku kumi tu." A-Hui alikuwa akinipa umbea wakati huo. Eti wameleta mshauri kutoka Taipei, Bi Sung, wa kuchagua nani aende, na anahesabu dakika ambazo watu wanatumia kunywa chai. Nikamwambia basi nitakunywa kwa mrija, niwahi. Kacheka mpaka miwani ikaingia ukungu juu ya barakoa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo nimemfumania mume wangu!

Nilikwenda dukani kwake Zhubei kumpelekea chakula. Mzee Fan anauza na kutengeneza kompyuta nyuma ya soko la mboga, miaka yote kwa prosesa zetu, kwa heshima yangu. Nyuma ya kaunta nikaona shuka letu la kitandani limefunika maboksi. Nikalifunua. Kompyuta kumi na mbili, na ndani ya zote prosesa za wale wengine! Zile za ukoo mmoja na prosesa za simu, zisizochemka.

Kaanza kujieleza kabla sijauliza. "Mke wangu, wateja wanataka hizo. Hazipigi kelele, betri inakaa kutwa. Niwaambie nini? Kwamba mke wangu atanuna?"

"Na nimenuna," nikamwambia.

Nikanuna kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaomba bisibisi. Nikaifungua moja, nikaiwasha, nikaipa kazi nzito, nikaipulizia joto kwa mashine ya kukaushia nywele nusu saa. Mzee Fan kashika kichwa. Haikupunguza mwendo hata kidogo! Yetu ingekuwa inalia feni juu chini.

Nimeona wivu, kusema kweli. Kama ule wa mtoto wa jirani kufaulu mtihani ambao wako kaanguka. Lakini nimefurahi pia, na sijui furaha ile ya nini. Kazi safi ni kazi safi. Shuka nimelirudisha nyumbani.

Jumanne, 21 Oktoba

Nambari Tano imesimama. Saa tano na dakika sita, siku tano zimetimia tu, mteja mwenyewe akitazama kupitia kioo!

Taa ya njano. Chuang kaja mbio na ovaroli lake jeupe limefungwa nusu. Hakwenda kwenye skrini. Kaenda kwenye pakiti, kaigeuza, kasoma. Kisha kanigeukia mimi, na kwa sababu tunaonekana macho tu mle ndani, sikuwa na pa kuficha yangu.

Muda wake umeisha jana. Tarehe 20 Oktoba! Ofisi ya ununuzi, katika kubana matumizi, imetununulia katoni la bei ya kutupa, na mimi, mlinzi wa pakiti wa miaka kumi na tisa, sikusoma tarehe. Nilikuwa nasikiliza umbea wa dakika za chai.

Mteja kakubali turudie. Mara moja tu, kasema. Nimeona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Jumatano, 22 Oktoba

Asubuhi nimekwenda dukani mwenyewe, nimechagua pakiti kwa kusoma tarehe za rafu nzima. Ya kwangu inafika Septemba mwakani. Nambari Tano kaanza upya saa tatu. Itamaliza Jumamosi ya tarehe mosi.

Kisha fomu ya taarifa. Kuna kisanduku: Chanzo cha hitilafu. Chuang kaniinamia sikioni. "Dada Chiao, andika umeme. Umeme hauna familia."

"Ulikuwa umeme?"

"Haukuwa. Wewe unajua na mimi najua. Ila hiyo karatasi inakwenda kwa yule wa Taipei."

Nikaandika: Pakiti ilipitwa na muda kwa siku moja. Kosa ni langu. Nikatia sahihi. Miaka yote sijaandika uongo kwenye kisanduku kile, hata mara moja. Chuang kapumua kwa nguvu, lakini naye katia sahihi chini yangu. Mtu mzuri yule, na kitambi chake.

Jumapili, 26 Oktoba

Kwa mama, Xinpu. Upepo uleule unaoniangushia skuta ndio unaomkaushia mama persimoni zake. Uani kote trei za matunda ya rangi ya machungwa. Tumemenya tangu asubuhi, vidole vimekuwa kahawia.

Nimemweleza kisa cha pakiti na orodha. Mama ana miaka sabini na minane, hajui prosesa ni mnyama gani. Kasikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo uliandika kosa lako kwa mkono wako?" Nikasema ndiyo. "Afadhali. Sasa menya, hayo yanaiva yakikusikiliza."

Nimelala mchana kwenye kiti cha mianzi kama mtoto. Siku nzuri sana.

Jumatatu, 27 Oktoba

Orodha ya wanaoondoka imetoka. Nimo.

Bi Sung kaniita ofisini. Msichana mwenye adabu, viatu vyekundu. Kanisomea taarifa yangu mwenyewe kwa sauti, polepole, kama daktari anayesoma majibu mabaya. Chini kaongeza la kwake: Mfanyakazi anaamini kwamba mashine ilisimama kwa sababu ya vitafunio. Kaniuliza kama nimekuwa nikilala vizuri. Nikamwambia jana nimelala vizuri mno, tena mchana! Kaandika na hilo.

Nikatamani kumuuliza kwa nini basi kwenye mashine ya kutoa nakala, nje ya mlango wake, kuna pakiti ya kijani. Sikumuuliza. Asije akaiondoa, wakakosa nakala.

Siku yangu ya mwisho Ijumaa. A-Hui anabaki. Nimelia chooni kidogo, kama dakika tatu, halafu nikasikia njaa.

Jumatano, 29 Oktoba

A-Hui haniangalii. Siku mbili anazungumza na viatu vyangu. Leo nimemshika bega. Nikamwambia mapacha wako hawana kosa, wala wewe.

"Dada Chiao, ningekuwa mimi ningeandika umeme."

"Najua. Ndiyo maana utadumu."

Nimemfundisha pakiti: tarehe kwanza, rangi pili, uso wake uelekee mlango. Kaandika yote kwenye daftari kama mwanafunzi. Nambari Tano itatimiza siku nane kesho. Inaguna kwa raha.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mlo wa boksi wa nyama ya ubavu, wote pamoja, kwa mara ya mwisho. Chuang kanipa mikono yote miwili na kusema hajamaliza kunipigania. Nikamwambia apumzike. Nimevua ovaroli, nimelikunja. Sikugeuka nyuma. Haya, niligeuka mara moja.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika nikiwa dukani kwa Mzee Fan, juu ya boksi.

Shule ya msingi ya karibu imeagiza kompyuta arobaini, zote za wale wengine, zifike Jumatatu asubuhi. Mzee Fan peke yake asingeweza. Tangu saa mbili nafungua, napaka ile krimu ya kijivu chini ya kipoza joto, nafunga, nawasha, nachemsha kwa ile mashine ya nywele. Nimekamata mbili mbovu ambazo yeye alizipitisha! Kaninunia. Sasa zamu yake.

Juu ya rafu nimeweka pakiti ya kijani. Ya kwanza maishani mwangu kulinda prosesa isiyo yetu. Nilisita, nikaona haya kidogo, nikaiweka. Tarehe nimesoma mara mbili. Septemba.

Saa tatu na dakika moja simu. A-Hui, sauti imempaa. "Imepita, Dada! Siku kumi! Mteja anatia sahihi! Tumepona!" Nyuma yake nasikia watu wanapiga makofi. Kaniambia pakiti hajaigusa hata kwa kidole. Nimeruka pale dukani, nimemkumbatia Mzee Fan na bisibisi mkononi. Furaha tupu, jamani! Miaka ishirini na minne na bado naruka.

Ujumbe wa Chuang umeingia saa sita. Nimeusoma mara nne. Kapanda juu na taarifa yangu na matokeo, kaviweka mezani pamoja, kawaambia wakubwa kwamba yeye mwenyewe kaandika fomu za uongo miaka yote na mtu mmoja tu ndiye hakuandika, mimi. Barua yangu ya kuondolewa wameichana. Nirudi Jumatatu, zamu yangu ileile.

Na mstari wa mwisho: Nafasi lakini ni ileile moja. A-Hui bado hajaambiwa kwamba atakupisha.

Nimemwonyesha Mzee Fan. Kaenda kuchemsha maji, kaniletea chai, kakaa kuhesabu skrubu zilizokwisha hesabiwa.

Kompyuta ishirini na sita ziko tayari. Bado kumi na nne. Jumatatu asubuhi shule, Jumatatu asubuhi zamu. Naipenda Nambari Tano, sitajidanganya hapa. Ningerudi mbio, lakini mapacha wa A-Hui—

Simu. Chuang.

Mzee Fan kazima feni ili asikie, na anajifanya anatafuta kitambaa. Inalia mara ya tatu. Nimefuta krimu mikononi, imebaki kwenye kucha. Haya, napokea