Ng'ombe wa Ndahani Ameingia Kanisani

Mama, shikamoo huko uliko.

Ni mimi Raheli, mwenye mwandiko wa kuku. Ufunguo wa kanisa ulioniachia nimeutumia kwa jambo ambalo wewe ungelikataa, na sitaki ulisikie kwa wengine.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisiriba sakafu ya kanisa kila Jumamosi kwa mavi ya ng'ombe kutoka zizi la jirani yetu, Mzee Ndahani? Naye, asiyesali wala kutaka kusali, alikuwa akikuuliza, "Mavi yanaingia kwa Mungu, ng'ombe mwenyewe anakatazwa?" Ulimjibu kwamba nyumba ya Mungu si zizi, kisha ukageuka upande asikuone ukicheka. Mikono yako ile, Mama. Naikumbuka hadi nashindwa kuandika.

Basi mwaka huu mvua imetupiga. Nyumba zetu za tembe zililowa mapaa yake ya udongo, zikaanza kuporomoka, ya Ndahani ikiwa ya kwanza. Pakabaki mahali pamoja tu pakavu, kanisani, chini ya mabati yale yaliyoletwa na gari la moshi la Wajerumani. Wazee wa kanisa wakasema tumngoje mchungaji arudi kutoka safarini. Nikawatazama wajukuu wa Ndahani wanavyotetemeka. Nikafungua.

Waliingia wote, wanaosali na wasiosali, na mbegu zao za uwele, mawe ya kusagia, mbuzi na ng'ombe. Sakafu yako usiniulize. Jumapili tuliimba, mbuzi wakaitikia. Ng'ombe wa Ndahani akazaa pale penye mimbari, na mzee yule akapiga magoti kumfuta ndama. Sijawahi kumwona akipiga magoti.

Mchungaji aliporudi, wazee walitaka ninyang'anywe ufunguo. Niliogopa, Mama, maana ndicho kitu chako pekee nilicho nacho. Ndahani akasimama mbele yao: "Mnyang'anyeni. Lakini mavi mkaombe zizi lingine." Mchungaji akacheka, akaniachia.

Sasa mvua imekatika, watu wanajenga upya. Nakuahidi sakafu nitaisiriba yote kwa mikono yangu, na mvua ikirudi nitafungua tena.

Ndama ni jike. Ndahani amempa jina lako. Kila Jumapili humleta hadi mlangoni, akidai huyu ni mzaliwa wa kanisani, apishwe. Namwambia nyumba ya Mungu si zizi, kisha nageuka upande.

Pumzika, Mama yangu.

Mwanao,
Raheli