Usifue Kwanza

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi si mzima sana, nisikudanganye. Juzi nilianguka kazini, kati ya mashine za kufulia mashuka ya hoteli, wenzangu wakanipeleka hospitali. Daktari aliniuliza hedhi yangu inatoka kiasi gani. Nikasema kawaida. Akataka kujua kawaida ndiyo nini, nikamweleza: pedi kila saa, mabonge, usiku nalalia taulo mbili. Akaweka kalamu chini.

"Nani alikwambia hii ni kawaida?"

Ni wewe, Mama, lakini sikukutaja.

Nina uvimbe kwenye kizazi, fibroidi. Amesema si saratani. Nimepewa vidonge vya kupunguza damu na vya kuongeza damu, na mwisho wa Aprili watautoa uvimbe, kizazi kibaki. Naogopa, Mama. Njoo ukae nami.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana. Lakini sisi wanawake wa nyumba hii ndivyo tulivyo, hata bibi yako, na hatukukatwa. Maji baridi, chumvi, unaanika watu hawajaamka, maisha yanaendelea. Kuja sitaweza. Safari ni ndefu, na kuku nitamwachia nani? Nami siku hizi nachoka ovyo, nikipanda ngazi mbili tatu nahema. Ni umri tu.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Kuku uliwauza mwaka jana, uliniambia mwenyewe.

Nilipokuja likizo ulikataa kukaa kwenye kochi la jirani, ukasingizia mgongo, ukasimama mpaka tukaaga. Mimi nasimama hivyo hivyo kwenye basi, viti vitupu vikinitazama. Mama, na wewe bado unatokwa damu hivyo? Huko kuhema si umri, ni damu inayokuishia. Nenda ukapimwe. Na ule mfuko mweusi wa vitambaa vyako unaoficha chini ya kitanda, nenda nao, usifue kwanza. Tunafua vizuri mno sisi, ndiyo maana hakuna aliyejua.

Usiponijibu nitajua umekasirika. Kasirika, lakini nenda.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Nilikasirika kweli. Mtoto kunichungulia chini ya kitanda!

Halafu nikaenda. Nesi ni binti wa yule jirani mwenye kochi, nikatamani kurudi nyumbani. Nikafungua mfuko. Hakukunja uso. Aliniuliza tu, "Pole, Mama. Tangu lini?" Nikalia mbele ya mtoto wa watu, maana miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Damu yangu iko chini sana. Nami nina uvimbe, wangu mkubwa, wamenipa vidonge na nitarudi kwao baada ya upasuaji wako. Nimechoka, mwanangu, sikufichi tena.

Nakuja Jumapili. Kondakta wa basi, anayenijua, kaniuliza kama nitasimama kama siku zote. Nimekata tiketi ya kiti cha dirishani. Nitakaa njia nzima. Kikichafuka, kichafuke.

Mama yako