Gari Nyeusi Sokoni Nakawa

Dada Akinyi, umeamkaje huko Busia? Hapa manyunyu yamelala juu ya soko kama blanketi.

Nauza nyanya kwa gari nyeusi kutoka Japani, ina spika kubwa juu. Watu walidhani ni ya maiti. Jana mwalimu Mjapani wa chuo cha Kyambogo aliiona, akasimama mbali. Akasema kwao watu wa siasa kali huzunguka na gari kama hii wakipiga kelele wageni warudi makwao. Utotoni mwake watu hao waliizingira nyumba yao, sababu mamake alikuwa Mkorea.

Nikamwambia, "Hata mimi mgeni hapa, mwalimu, mimi Mkenya. Shika maiki, uite wateja."

Akaishika. Halafu sauti yake ndogo ikaelea juu ya mabati: "Njooni wote."

Wakaja, nyanya zikaisha. Salimia watoto, dada. Nakuita kila mara uje huku, wewe tu ndiye hujaitika.

Ouma wako