Kisiki cha Baba Mkwe Ndani ya Tangi

Jumatatu, 6 Februari 2006

Nimepima mawe kabla ya kazi. Meusi, ya volkeno, niliyaokota jana kwenye kijito nyuma ya shamba la baba mkwe, kule Kabiria. Tone la siki juu ya kila jiwe. Hakuna lililotoa povu, kwa hiyo hayana chokaa. Nimeyasugua, nimeyachemsha, nimeyapanga ndani ya tangi la samaki.

Kisiki nacho kimechemshwa. Kijivu, kimepindapinda, kizito hata hakielei. Nilikiona kimeegemea zizi nikakisifu. Ukisifu kitu kwa wakwe, unapewa. Mzee alikitia garini mwenyewe. Sikuuliza kilitoka wapi wala yeye hakuuliza nakipeleka wapi. Mkwe hahoji zawadi.

Mke wangu Nyambura analalamika kwamba jikoni kunanuka gereji. Nimefungua dirisha.

Fulu jike, yule samaki wangu mdogo wa ziwani, amefumba mdomo bado. Mayai yote yamo humo. Hatakula mpaka atoe wana.

Jumanne, 7 Februari

Tangi limependeza. Jike amejificha chini ya kisiki tangu asubuhi. Dume anazunguka mawe.

Hawa wawili nilitoka nao ziwani mwaka jana, nilipoandikia gazeti habari ya mbuta, sangara wale wakubwa, kumaliza samaki wadogo. Mvuvi aliyenipa alisema wa rangi hii hajawaona nyavuni kwa miaka. Utotoni tuliwavua kwa minyoo na kuwarudisha majini, hawakuwa na thamani kwetu. Sasa nasubiri mdomo mmoja ufunguke. Nautaka uzao huu kuliko ninavyotaka kukiri mbele ya watu.

Mzee amepiga simu. Jumamosi atakuja kwetu Woodley kuona tulipokiweka kisiki.

Jumatano, 8 Februari

Utando juu ya maji, una rangi za upinde wa mvua. Nimelaza ukurasa wa gazeti letu juu yake, nikauinua. Umenasa mafuta. Nimerudia kwa kurasa za michezo. Baada ya chakula cha jioni utando umerudi.

Chakula cha samaki labda. Au mikono yangu.

Mchana nilimwuliza waziri swali moja mara nne, mpaka akanyanyuka. Simu ya Kabiria, kumwuliza mzee kuhusu kisiki, sijapiga.

Alhamisi, 9 Februari

Dume yuko juu, anatweta. Pampu ya hewa inafanya kazi. Jike hajatoka mafichoni.

Nataka kubadilisha maji. Mifereji imekauka tangu jana, mgao wa maji. Maji ya mtungi yana dawa, hayafai mpaka yalale ndooni dawa iishe. Nina ndoo moja tu iliyolala.

Nimemwomba Nyambura amwulize baba yake kuhusu kisiki. Amekataa.

"Nimwambie nini? Zawadi yake ina sumu? Muulize mwenyewe, wewe si ndiye mwenye maswali?"

Nikasema nitakitoa. Akasema, "Na Jumamosi utamwonyesha nini?"

Nimekiacha. Nimeandika hili ili nilione kwa wino.

Ijumaa, 10 Februari

Dume amekufa.

Nimetoa kisiki. Nimemhamishia jike kwenye ndoo. Nilimsogeza kwa bakuli, polepole, maana wakishtuka huyatema mayai au huyameza. Hakuyatema. Mdomo umefumba, lakini koo halina uvimbe wa juzi. Siwezi kuapa.

Nimekata kisiki kwa msumeno nje. Cheusi kutoka nje kuelekea ndani, kina cha kidole. Kinanuka gereji. Nyambura alisema hivyo Jumatatu. Nilikuwa na chanzo na sikukisikiliza.

Nina hasira, na si kwa mzee.

Jumamosi, 11 Februari

Amekuja na ndizi na maziwa. Alitazama sebule nzima.

"Mti wangu uko wapi?"

"Nimeutoa, Baba. Nilikuwa nimeuweka ndani ya maji, na samaki."

"Ndani ya maji!" Aliketi. "Hicho ni kitako cha nguzo ya kona ya zizi, mwanangu. Kila mwaka nilikuwa nakipaka oili chafu ya gari. Mchwa wa kwetu hawachezi. Nilidhani unataka cha kuweka mlangoni, kama wafanyavyo wale wauza maua."

Nyambura alikwenda jikoni. Nikamsikia akicheka.

"Ungeuliza," mzee akasema. "Si hiyo ndiyo kazi inakulipa?"

"Kwako siulizi, Baba."

"Heshima gani hiyo ya kuua samaki?"

Alitaka kumwona aliyebaki. Aliinama juu ya ndoo muda mrefu, kofia mkononi. Akaniuliza kama mayai yatapona. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akaenda kupangusa mitungi miwili ili nihifadhi maji yakirudi. Nilimzuia. Hakusikia.

Jumatatu, 13 Februari

Mifereji imerudi usiku. Tangi limeoshwa, mawe yamerudi. Maji yanalala.

Jike bado yuko ndooni. Asubuhi nimedondosha chembe ya chakula, kwa mazoea tu. Amepanda, ameila. Basi mdomoni hamna kitu.

Nimemulika ndoo kwa tochi, chini na pembeni. Hakuna mwana hata mmoja anayeogelea. Mayai aliyameza au yalioza, sitajua.

Nyambura ameleta chai. Ametazama ndooni, ameweka kikombe, ametoka.

Nimedondosha chembe nyingine. Amekula tena.